Amekosa kwa Namba Moja

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Pantoni imevuka mara sita. Malori mawili ya mpunga, gari la misheni, watu wa Mahenge na mizigo yao. Mto umepungua. Wavuta kamba wanalalamika kwamba pantoni inakwaruza mchanga ng'ambo. Jua kali. Kichwa kinauma.

Tiketi za bahati nasibu nimeuza tisa tu. Huu ni mwezi wa tatu tangu Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa Ifakara, aniletee vitabu vyake. Alisema karani wa kivuko huonana na watu wengi kuliko padre. Kweli. Kila anayevuka anapita mbele ya dirisha langu hapa Kivukoni. Namkatia tiketi ya kuvukia, kisha namwuliza kama hataki na ile nyingine. Shilingi moja. Mimi napata senti kumi. Akishinda, ni nyumba ya matofali na mabati, na fedha inabaki. Wasioshinda, wanasema, fedha yao itajenga hospitali kubwa Dar es Salaam. Sijui nani wa huku atalazwa humo.

Athumani, mnyapara wa wavuta kamba, hanunui. Anasema kamari ni kamari hata ikigongwa mhuri. Mzee Kanuti, anayevuta naye kamba, hununua moja kila mwezi. Anasema shilingi ya pombe inaisha kabla ya asubuhi, hii anakaa nayo mwezi mzima. Naona wote wawili wana haki. Siwazi zaidi ya hapo.

Jumamosi, 9 Oktoba

Karatasi ya matokeo imefika na lori la posta. Nimeibandika ukutani nje ya kibanda. Ni wachache wanaoweza kuisoma. Mtu ananipa tiketi yake, natazama ukutani, natikisa kichwa. Ndivyo tunavyofanya.

Mama Agatha alikuwa wa mwisho. Anauza vitumbua hapa kivukoni. Mjane, makamo ya marehemu mama yangu. Anaishi kule chini karibu na maji pamoja na mama yake, bibi kizee asiyeona. Ilikuwa tiketi yake ya kwanza maishani. Mwezi mzima aliifunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa imelowa jasho. Alishaniambia atakachofanya akishinda: nyumba juu, mwinukoni, ya mabati, wasihangaike tena masika.

Tiketi yake 41706. Iliyoshinda 28359. Hakuna hata tarakimu moja iliyofanana.

Alikuwa ananitazama mdomo. Nikasema, "Mama, umekosa kidogo sana. Namba moja tu, ya mwisho."

Nilimwonea huruma. Hiyo ni sehemu. Sehemu ya pili ni vile vitabu viwili mezani, havijaguswa. Yote mawili yalinitoka kwa pumzi moja.

Aliweka mkono kifuani, akacheka kama msichana. "Namba moja, karani?"

Nikasema ndiyo.

Jioni niliibandua karatasi. Nilimwambia Athumani kwamba upepo ungeichana. Hakukuwa na upepo.

Jumanne, 12 Oktoba

Habari imefika sokoni Ifakara. Watu wanakuja kuulizia tiketi "za kama ile ya Mama Agatha". Arobaini na moja kwa siku mbili.

Yeye mwenyewe anasimulia huku anauza. Kila mara anaongeza kitu. Leo anasema kiganja kilimwasha siku aliyoinunua. Watu wanasimama na kumsikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kuona watu wakimsikiliza Mama Agatha.

Alinipa vitumbua vitatu, akakataa fedha. Nilivila.

Alhamisi, 28 Oktoba

Barua kutoka kwa Bwana Shauri. Ananipongeza. Hakuna aliyeuza kuliko mimi bonde zima. Vitabu vitano vipya vimekuja na barua.

Nilimsomea Rosalia. Alifurahi kuona jina la mumewe limepigwa kwa mashine. Nilikuwa nimemnunulia doti ya kanga kwa zile senti kumi kumi. Akaniuliza swali moja tu: kwa nini sisi hatununui. Nikasema karani haruhusiwi.

Uongo. Hakuna kanuni hiyo. Sinunui kwa sababu naziona namba zinavyorukaruka kutoka kitabu hadi kitabu, najua vitabu ni vingi kiasi gani nchi nzima. Baadaye, nikiwa peke yangu, nikaanza kuwahesabu wasionunua. Mwenye duka hanunui. Mwalimu mkuu hanunui. Bwana Shamba hanunui. Bwana Shauri hajawahi kuniomba hata moja. Wanunuzi wangu ni watu wa jembe na watu wa mitumbwi. Anayeweza kuisoma karatasi hainunui tiketi.

Nimeliandika hili. Sikupenda kuliona limeandikwa.

Jumatano, 10 Novemba

Mama Agatha amenunua tiketi kumi.

Alileta noti ya shilingi kumi, imekunjwa mara nne. Muuza vitumbua hana noti ya shilingi kumi mwezi huu. Huu ni mwezi watu wanakwangua vihenge vya mpunga. Nililijua hilo, na mkono wangu ulikuwa tayari unachana tiketi. Sikumwuliza ameitoa wapi.

Jumamosi, 27 Novemba

Matokeo. Hakuna mshindi bondeni kwetu.

Zile kumi nilizitazama moja moja mbele yake, polepole, kama daktari. Nikamwambia safari hii zimekwenda mbali. Akaitikia kwa kichwa.

"Zimegawana bahati," akasema. "Ile moja ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa peke yake."

Akajitwika beseni akaenda. Vitumbua vyake vilikuwa vichache leo, na vidogo.

Ijumaa, 10 Desemba

Mvua. Bonde limehama. Watu wako mashambani wanapanda, wengine wameshajenga madungu ya kulindia ndege na nguruwe. Rosalia naye amekwenda tangu Jumatatu. Abiria hakuna. Nakula ugali wa baridi.

Mama Agatha hajaonekana kivukoni wiki nzima. Nadhani amehamia shamba kama wenzake.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Agatha alikuwepo, amemshika mama yake mkono. Amekonda. Mwanamke mmoja wa ukoo wetu aliwaonyesha wageni wake kwa kidevu: "Yule pale ndiye aliyekosa kwa namba moja." Wageni wakamtazama kwa heshima. Mama Agatha aliona wakimtazama. Alinyoosha mgongo.

Niliondoka kabla ya watu kusalimiana.

Jumamosi, 15 Januari 1955

Nimefika shambani kwetu saa nane mchana kwa baiskeli. Rosalia aliniletea habari kwamba amepata mtu wa kumsaidia palizi. Mwanamke mtu mzima, kwa pishi moja ya mchele kwa siku, na anapalilia vizuri kuliko vijana. Nikamwona kwa mbali ameinama katikati ya mpunga. Nilimjua kwa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Hujambo? Za kivukoni?"

Alisema bila kusimama. Mikono iliendelea kung'oa majani. Nilimwuliza shamba lake linaendeleaje.

"Sikupanda mwaka huu."

"Kwa nini, mama?"

"Mbegu ziliisha." Akang'oa, akatupa, akang'oa. Kisha akasema, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani: "Niliziuza nikanunua zile tiketi kumi. Nilijiambia, kama ya kwanza ilikosa kwa namba moja, zinazofuata haziwezi kukosa zote. Ndivyo hesabu inavyokwenda, au sivyo?"

Aliniuliza kwa dhati. Alisimama sasa, ananingojea. Anaamini mimi ni mtu wa hesabu.

Nikasema nakwenda kunywa maji.

Nimeandika haya nimekaa kwenye ngazi ya dungu, yeye bado yuko mle kwenye mpunga. Mbegu. Mtu wa bonde hili hali mbegu. Watu wamelala na njaa huku mbegu zimefungwa juu ya moto, na asubuhi wamekwenda kuchimba viazi pori. Yeye ameziuza kwa neno langu. Na leo analima kwangu kwa pishi.

Jumapili, 16 Januari

Nimemwambia Rosalia. Yote. Namba zilivyokuwa, nilivyosema, karatasi niliyoibandua.

Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka ukaisha.

"Kwa hiyo nimemlipa pishi moja mtu uliyemnyang'anya shamba," akasema.

Alikuwa amejifunga ile kanga mpya. Akapanda dunguni, akashuka na gauni lake kuukuu la kazi. Kanga ameikunja. Akaiweka kwenye karia ya baiskeli yangu na kuifunga kwa kamba isianguke njiani.

"Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea."

Mama yangu aliuza mpunga wake miaka minne nisome shule ya misheni. Nilisoma. Nikawa mtu wa kuwasomea karatasi akina mama kama yeye. Nimeona aibu leo hata kumkumbuka.

Jumatatu, 24 Januari

Nimerudisha vitabu kwa Bwana Shauri.

Alinikaribisha kiti. Anasema Kiswahili vizuri. Aliuliza kama kuna mtu niliyemshika mkono anunue. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna tiketi ya bandia niliyouza. Nikasema hakuna. Basi, akasema, tatizo liko wapi. Nikasema watu wanaonunua hawana kitu.

"Maskini naye ana haki ya kuota, Benedikto."

Nilikuwa na jibu. Kwamba ndoto ni yake lakini bei tumeipanga sisi, na sisi hatuinunui.  Badala yake nikasema kazi ya kivuko imekuwa nyingi na kichwa kinanisumbua. Akanionea huruma kwa ajili ya kichwa. Akaniandikia cheti cha zahanati.

Habari ya namba moja sikumwambia. Nilitoka nyumbani kwenda kukiri kosa. Nimerudi nimeacha kibarua tu. Na kwa Mama Agatha bado sijakwenda. Siku nane tangu Rosalia aniambie.

Jumanne, 8 Februari

Tiketi sasa anauza Leonardi, mpima mizani wa duka la mpunga, mtu wa umri wangu, mwenye sauti. Amesimika mwavuli hatua kumi kutoka dirishani kwangu. Namsikia siku nzima.

"Ulizeni habari za Mama Agatha. Namba moja tu. Moja. Wewe kwa nini usiwe wa pili?"

Maneno hayo nilimpa mimi. Hayana mhuri wala hayagharimu kitu. Mzee Kanuti amenunua mbili.

Jumamosi, 12 Februari

Nimempelekea Mama Agatha ile kanga na debe la mpunga kwa baiskeli. Nilijisemea nitamwambia nikishalitua. Alilipokea kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu." Mama yake alitambaa mpaka mlangoni, akanitafuta kwa mkono, akanishika kifundo cha mguu.

"Huyu ndiye karani wa ile namba?"

"Ndiye, mama."

"Mtu mwema," akasema bibi.

Sikumwambia. Nimelipa deni kwa mpunga nikajinunulia jina la mtu mwema. Mimi ni mwoga na nimeanza kuzoea.

Jumamosi, 26 Februari

Kwaresima. Nimeungama. Nilieleza kirefu, nikaeleza na debe la mpunga.  Padre akasema, kule nyuma ya kitambaa, kwamba mpunga ni mzuri lakini haujibu. Uongo unajibiwa kwa ukweli, na kwa mtu yuleyule aliyedanganywa. Akanikatalia kumtuma mtu.

Jumatatu, 28 Februari

Nimemwambia.

Alikuwa kizingitini anasuka ukili wa mkeka. Nilimwamkia, nikakaa chini. Alitaka kunitolea kigoda nikakataa. Nikasema moja kwa moja maana najijua.

"Mama, ile tiketi yako ya kwanza haikukosa kwa namba moja. Ilikosa kwa zote. Nilikudanganya."

Mikono ilisimama kwenye ukili.

"Zote?"

"Zote."

"Karatasi ndivyo ilivyosema?"

"Ndivyo."

Ndani bibi alikohoa. Kuku alipita kati yetu. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Na kwa nini umekuja kuniambia?"

Nikasema dhambi imenielemea, silali.

"Kumbe umekuja kupata nafuu," akasema. Hakusema kwa ukali. "Sikiliza, karani. Mimi nimeuza vitumbua pale tangu kivuko hakijawa na kibanda. Hakuna aliyejua jina langu. Agatha ni mwanangu, ameolewa Chita, watu wananiita kwa jina lake, langu hawalijui. Mwaka huu nimekuwa mtu. Nikifika kisimani wananipisha. Mbegu zilipokwenda nilisema basi, zimekwenda, nimebaki na hicho. Leo umekuja kukichukua na hicho."

Nikasema nitamlipa mbegu zote, msimu ujao, mara mbili.

"Leta," akasema. "Nitazipokea. Lakini usimwambie mtu."

Nikaahidi. Ningeahidi lolote ili niondoke pale.

Njiani ndipo nilipoelewa nimeahidi nini. Leonardi anauza kwa uongo wangu. Nikinyamaza, anaendelea kuuza. Nikisema, namvua mama yule nguo mbele ya watu. Nimeufunga mlango mimi mwenyewe, niko ndani.

Alhamisi, 3 Machi

Leonardi amemaliza kitabu kizima leo. Nimekaa dirishani. Nimenyamaza.

Jumatatu, 7 Machi

Mama Agatha amerudi kivukoni na beseni. Hapiti upande wa dirisha langu. Mtu mmoja kutoka Mahenge alimwomba asimulie ile habari ya bahati nasibu. Akasema koo linamwuma.

Jumamosi, 12 Machi

Nataka kuandika kwa mpangilio kama ilivyotokea.

Matokeo yalifika saa nne. Watu walikuwa wengi, mto umejaa na pantoni inakwenda polepole, kwa hiyo kila mtu alikuwa pale anangoja. Leonardi aliibandika karatasi kwenye mti wa mwavuli wake. Akawasomea mmoja mmoja, haraka haraka. Hakuna, hakuna, hakuna.

Akaja mwanamke kijana wa Kipogoro, mtoto mgongoni. Leonardi akatazama tiketi, akatazama karatasi, akamtazama mwanamke usoni. Nikajua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Umekosa kidogo, dada. Hii inayokuja usiiache."

Hakuna aliyemfundisha. Kazi yenyewe inafundisha. Mwanamke akaanza kufungua fundo la kanga yake.

Mama Agatha alikuwa amesimama nyuma yake. Akaweka beseni chini. Hakwenda kwa Leonardi. Alikuja mpaka dirishani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ya mtu anayeita mtumbwi ng'ambo.

"Karani, ile tiketi yangu ya kwanza ilikosa kwa namba ngapi?"

Watu walinyamaza maana ndiyo habari waliyoipenda. Nilimtazama nijue kama kweli anataka. Hakuondoa macho.

"Kwa zote, mama," nikasema. "Nilikudanganya."

"Wa nyuma hawasikii."

Nikatoka nje ya kibanda. Nikasimama mbele ya watu, wavuta kamba, abiria, Leonardi. Nikasema kwamba namba ya Mama Agatha haikukaribia ile iliyoshinda, hata tarakimu moja haikufanana. Kwamba nilisema vile ili wanunue. Kwamba niliibandua karatasi jioni ileile mtu asije akaisoma. Kwamba mimi mwenyewe sijawahi kununua hata moja.  

Hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani watapiga. Mzee Kanuti alitema mate, si kwangu, lakini karibu. Athumani aliutazama mto. Mtu mmoja alicheka kidogo, peke yake, akaacha. Mwanamke wa Kipogoro alilifunga tena fundo lake, akalikaza kwa meno.

Wanaume wawili walinunua tiketi palepale, hawakungoja hata nirudi ndani. Mmoja alisema sasa bahati imesafishwa.

Mama Agatha alikuwa bado amesimama. Watu walimtazama, lakini si kama siku ya Noeli. Alinyanyua beseni, akaliweka kichwani, akaenda zake kwenye foleni ya abiria. "Vitumbua," akasema. "Vitumbua vya moto." Havikuwa vya moto tena.

Hakunishukuru, na hana cha kunishukuru. Alilipa mara mbili, mara ya kwanza kwa mbegu, mara ya pili leo kwa jina lake. Na hii ya pili amelipa kwa ajili ya mwanamke asiyemjua.

Jumapili, 13 Machi

Misa ya pili. Nilisimama nyuma. Wakati wa kutoka watu walijifanya wanatafuta watoto wao. Rosalia alisimama nami mpaka mwisho.  Njiani alinishika mkono kuvuka tope, akauacha tulipofika pakavu.

Ijumaa, 18 Machi

Bwana Shauri aliniita. Amesikia. Alikuwa mwekundu usoni, sijui kwa hasira au kwa aibu. Alisema nimeitia doa kazi iliyofanywa kwa nia njema. Nikasema ndiyo. Akasema uongo ulikuwa wangu, si wa bahati nasibu. Nikasema ndiyo, ulikuwa wangu. Kisha nikamwuliza kama yeye hununua. Nilikuwa sijapanga kumwuliza.

Alitazama dirishani. Akasema hapana.

Hakunifukuza kazi. Amenikata mshahara wa wiki mbili. Nimeona ni haki. Tiketi zinaendelea kuuzwa. Leonardi amehamia sokoni.

Jumatano, 30 Machi

Maji yameingia nyumba za chini tangu alfajiri. Athumani aliwaita wanaume. Mama Agatha na mama yake walikuwa wamekaa juu ya kitanda, kuku wao mapajani. Tulimbeba bibi na kitanda chake. Nilishika mguu mmoja wa kitanda, upande wa miguuni. Bibi aliuliza ni akina nani wanaombeba. Mama Agatha akawataja wote kwa majina. Akafika kwangu.

"Na karani," akasema.

 Bibi ameshaambiwa.

Wamekaa kwa shemeji yao kwa sasa. Rosalia amempa Mama Agatha kipande cha shamba letu upande wa juu, apande mahindi maji yakipungua. Walipatana wenyewe. Mimi sikuulizwa, na ni sawa.

Jumatano, 20 Aprili

Pantoni haivuki. Mto umefika kwenye nyasi. Mitumbwi tu, na watu wachache. Nimefuta vumbi kwenye meza. Nimechonga penseli mbili.

Saa nane alivuka mzee mmoja kutoka upande wa Mahenge, simjui. Alikuwa na barua ya mwanawe anayefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Aliomba nimsomee. Nikamsomea taratibu. Mwanawe ni mzima, aliumwa malaria akapona, atakuja wakati wa mavuno, anaomba wasimwuze yule mbuzi mweusi. Mzee akanishukuru, akaikunja barua.

Mwalimu wa shule ya misheni alikuwa amekaa kwenye gogo, anangoja mtumbwi. Mzee akamwendea. Nikamwona akiikunjua ileile, akampa. Mwalimu akasoma. Mzee akasikiliza ameinamisha kichwa, anaitikia kila sentensi, na kidole chake kinahesabu.

Alipopita tena hapa dirishani alisimama kidogo.

"Mmesema kitu kimoja," akaniambia.

Nikamwambia amefanya vizuri kuuliza wawili, na afanye hivyo siku zote. Akaitikia. Akaniuliza kama mvua itarudi leo. Nikasema nadhani itarudi.

Imerudi saa kumi.